Oposamu na Usafi Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2015, Profesa alinikabidhi koti jeupe, glavu na onyo: "Mama Furaha, hawa wanauma." Tangu nitoke Bukavu nilikuwa nimesafisha ofisi nyingi za Johannesburg. Kwenye nyumba ya wanyama wa utafiti ya chuo nilichukuliwa kwa sifa moja tu: nikishapiga deki, hata nzi hutafuta pengine pa kutua.

Wanyama wenyewe walikuwa oposamu wa mkia mfupi, wadogo kama panya aliyeshiba, asili yao Amerika ya Kusini. Wako kwenye ukoo wa wanyama wa mfuko, ambao mtoto huzaliwa hajaiva akamalizia kukua nje ya tumbo. Ila hawa wangu mfuko wenyewe hawana. Mimba ni siku kumi na nne. Mtoto hutoka kama punje ya mchele, akang'ang'ania chuchu ya mama yake na kuning'inia hapo wiki mbili. Jike akijenga kiota, karatasi huzibeba kwa mkia. Niliwapenda.

Taabu ni kwamba hawakuzaa. Kila mmoja hukaa kwenye kizimba chake, maana jike na dume wakikutana siku isiyofaa hutoana damu. Hukutanishwa jike akiwa kwenye joto, yaani siku zake za kupandwa. Sasa sisi joto tulilingoja miezi na miezi. Profesa alibadilisha chakula, akabadilisha taa, akazima hata redio ya kwenye korido. Wapi! Kila jike tuliyempeleka kwa dume alisimama kwa miguu ya nyuma, akaachama, akamfokea mwenzake mpaka dume akajibana ukutani.

"Mwaka ukiisha bila watoto, chumba kinafungwa," Profesa aliniambia. "Na kazi yako, Mama, sitaweza kuitetea."

Eish! Kwa umri wangu nani angeniajiri tena? Nikazidisha bidii. Kila asubuhi nilisugua vizimba kwa dawa na kumwaga maranda yote, yale ya mbao wanayolalia, nikaweka mapya.

Halafu mguu ukanivimba, nikalazwa siku tisa. Nafasi yangu ilishikwa na Shabani, mlinzi wa getini, Mtanzania wa Morogoro aliyekuja huku na mkewe Msauzi. Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni.

"Shabani! Umefanya nini humu?"

"Nimewalisha, dada."

"Na kusafisha?"

"Siku ya kwanza nilianza. Nikachoka." Akajikuna shingo. "Halafu vizimba navyo nilivichanganya kidogo. Wote wana masharubu, mimi nitajuaje nani bwana nani bibi?"

Nilitaka kulia. Lakini wiki hiyohiyo jike tuliyempeleka kwa dume hakufoka. Alimnusa, akatulia, dume akampanda, wakaangukia ubavu pamoja. Siku kumi na nne baadaye, punje nane za mchele zilikuwa zinaning'inia kwenye chuchu.

Profesa alicheza kwenye korido, kisha akauliza, "Tumebadilisha nini?"

Shabani akatazama dari. Ningeweza kunyamaza. Lakini nikasema: "Hakusafisha, Profesa. Na majike aliwaweka kwenye vizimba vya madume."

Akashangaa. "Lakini kumnusisha jike harufu ya dume ndiyo kazi yako ya kila wiki! Dume husugua kifua kwenye maranda, ana tezi pale. Jike asiponusa harufu ile, joto haliji. Maranda ya dume hupelekwa kwa jike. Niliandika kwenye karatasi ya ukutani!"

"Karatasi ipi? Ile yenye madoa?"

"Ndiyo, hiyo."

"Niliitupa siku ya pili."

Profesa alikaa juu ya ndoo. Nikajua nimefukuzwa. Kumbe alikuwa anatetemeka kwa kicheko. "Mama Furaha," alisema akifuta machozi, "mwaka mzima wewe ndiye umekuwa uzazi wa mpango wa wanyama hawa."

Hakunifukuza. Karatasi iliandikwa upya, nikasomewa mara tatu, na mpaka nastaafu mwaka 2019 nilikuwa nimepoteza hesabu ya watoto waliozaliwa mikononi mwangu.

Ninyi mnaoanza kazi mtaambiwa mjitume. Jitumeni, ila ulizeni kwanza kazi yenyewe inataka nini. Siku ya kuniaga Profesa alinisifu mpaka nikaona haya. Kisha Shabani akasimama na kikombe chake cha chai. "Dada huyu amefanya kazi hapa miaka minne," alisema. "Mimi nilifanya siku tisa, nikafanikiwa."

Watu waliangua kicheko. Mimi nilichelewa kidogo kuwafuata, kwa sababu ilikuwa kweli.