Tovuti ya Zamu ya Maji Iliyopimwa kwa Simu za Illasit

Saa mbili asubuhi, kabla jua halijafika kwenye baraza ya ghorofa ya tatu mtaani Noonkopir, Kitengela, Dolphine Aketch anapanga simu sita mezani, kuanzia ndogo hadi kubwa. Mbili zina nyufa kwenye kioo. Moja haina kifuniko cha nyuma, na betri yake imeshikiliwa kwa raba.

Anafungua ukurasa uleule katika kila simu. Kisha anaichukua iliyo ndogo kuliko zote, anaitia ndani ya nailoni ya mkate, anatoka nayo barazani na kuinyoosha mbali na uso wake. Anajaribu kusoma.

"Bado," anasema. Anarudi kwa laptopu, anafuta mstari mmoja, anaanza tena.

Mumewe, Nashon Obura, karani katika kiwanda kimoja cha Athi River, anafunga kamba za viatu mlangoni. "Mama Whitney, hivi karibuni watu watatuletea simu zao zitengenezwe," anamtania. "Weka tu kibao pale nje."

"Wakileta ndogo kuliko hii, nitainunua," mkewe anamjibu bila kuinua macho.

Bi Aketch, 36, hutengeneza tovuti. Kwa miaka tisa amewafanyia kazi wenye shule, makanisa na maduka ya vifaa vya ujenzi. Mwezi mzuri humwachia kama Sh40,000. Mbaya hata nusu ya hizo haufikishi. Lakini kazi iliyo mezani wiki hii haifanani na zile alizozoea. Ni ukurasa wa zamu ya maji wa wakulima wanaotegemea mfereji mmoja karibu na Illasit, chini ya Mlima Kilimanjaro. Jumamosi wakulima hao watakutana kuamua kama ukurasa huo utabaki au utaondolewa.

Katika mfereji huo, kila shamba lina siku yake na saa zake za kufungulia maji. Zamani orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kamati. Mfereji ukibomoka, au mmoja wa wakulima akifiwa, zamu hubadilishwa, na mwenye shamba la mbali hutembea hadi ofisini kusoma jina lake, akute limesogezwa.

Mwenyekiti wa kamati, Bw Kimeu, ndiye aliyependekeza tovuti. Bi Aketch alimtengenezea. Juu kulikuwa na picha ya mlima, chini yake picha ya wanakamati wakiwa wamevaa suti, kisha jedwali la zamu: siku, jina, shamba, saa ya kufungua na saa ya kufunga. Kamati iliitazama kwenye laptopu ya ofisi na kuipigia makofi.

"Ilikuwa imependeza," asema Bw Kimeu. "Hata ndugu yangu aliye Machakos aliiona kwa kompyuta ya kazini, akanipigia simu kunipongeza."

Wiki ya pili, siku ya Jumatano, Evalyne Kavutha, mkulima wa nyanya na mjane mwenye watoto watatu, alifungua ukurasa huo kwa simu yake. Aliona neno Jumatano, akaona jina lake na la shamba lake. Akachukua jembe, akafungulia maji asubuhi hiyo.

Ambacho hakukiona ni kwamba saa zake zilianza saa nane mchana. Asubuhi ilikuwa ya jirani yake, Mzee Munguti. Safu mbili za mwisho za jedwali, zile za saa, zilikuwa zimekatwa na ukingo wa simu yake, wala hakukuwa na alama ya kumwonyesha kwamba kuna kitu kimebaki upande wa kulia.

Mzee Munguti naye alikuwa amefungulia, na maji yakagawanyika sehemu mbili. Hayakufika mwisho wa vitunguu vya Mzee Munguti, wala hayakutosha nyanya za Bi Kavutha. Mzee huyo alisimama kwenye tuta na kumwita jirani yake mwizi wa maji mbele ya watu. Kamati ikamwandika mama huyo kwenye rejista ya waliovunja kanuni na kumnyima zamu iliyofuata, kama kanuni zinavyotaka.

"Maua ya nyanya yalianguka nikiyaangalia," asema Bi Kavutha. "Lakini hiyo si kitu. Huku ukiitwa mwizi wa maji, hata kanisani watu wanakuangalia vile unashika mfuko wa sadaka."

Habari zilipofika Kitengela, Bi Aketch alifungua ukurasa huo tena kwenye laptopu yake. Jedwali lilikuwa zima. Akaufungua kwenye simu yake mwenyewe. Ulikuwa mzima pia. Hapo, anasema, ndipo alipoogopa, kwa kuwa hakujua kosa liko wapi.

Skrini hupimwa kwa nukta ndogo ambazo wataalamu huziita pikseli. Ya laptopu inaweza kuhesabiwa kuwa na zaidi ya elfu moja kwa upana. Ya simu ya kawaida huhesabiwa karibu mia tatu na sitini. Mtengenezaji wa tovuti huzijua hesabu hizo na kuupanga ukurasa ujikunje kulingana na nafasi iliyopo. Bi Aketch alikuwa amefanya hivyo. Hata hivyo jedwali lilikatika.

"Nilikuwa najua skrini," asema. "Watu wanaozishika sikuwa nawajua."

Alisafiri nusu siku hadi Illasit. Laptopu aliiacha nyumbani. Alipofika kwa Bi Kavutha hakueleza lolote. Alimwomba tu afungue ukurasa pale pale anapoufungulia siku zote.

Bi Kavutha alishuka naye hadi mferejini. Simu ilikuwa ndani ya nailoni ya mkate, isiingie matope. Maandishi yake yalikuwa yameongezwa hadi makubwa kabisa, kwa sababu macho yake yamechoka na jua la huko ni kali. Kwa hiyo skrini ambayo ingebeba maneno manane ilibeba matatu. Maandishi ya rangi ya kampuni ya mkate nayo yalifunika pembeni.

"Kwa nini usiitoe kwa nailoni?" Bi Aketch alimuuliza.

"Dada wa kompyuta, wewe shika jembe kwanza, ushike na simu, halafu uniulize tena," Bi Kavutha alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Alizunguka mashamba kumi na moja siku hiyo. Kila mkulima alikuwa na namna yake. Wengine walipunguza mwanga ili betri ifike jioni. Wengine walishika simu kwa mkono ulionyooka. Hakumrekebisha yeyote. Alitazama tu, akauliza, akaendelea.

Aliporudi Noonkopir, aliliondoa jedwali lote. Sasa ukurasa unafunguka kwa maneno machache katikati ya skrini, meusi juu ya weupe: maji ni ya nani sasa, mpaka saa ngapi, na anayefuata ni nani. Mwenye kutaka zamu za wiki nzima huteremka chini, siku moja baada ya nyingine. Hakuna kinachojificha upande wa kulia.

Picha ya mlima imeondoka. Ile ya wanakamati imeshushwa mwisho kabisa.

Bw Kimeu hakufurahi. "Nilimwambia, sasa hii ni tovuti ama ni ubao wa matangazo?" asema. "Mgeni akiifungua ofisini ataona maneno matatu na nafasi tupu. Atasema watu wa Illasit hawana kitu."

Bi Aketch alimjibu kwamba mgeni hafungui maji. Mwenyekiti akasema mkutano ndio utakaoamua. Ukikataa, orodha itarudi mlangoni, kosa litahesabiwa kuwa la Bi Kavutha, na jina lake litabaki kwenye rejista.

Jumamosi, wakulima zaidi ya arobaini wameketi kwenye mabenchi ya kanisa. "Supai!" Bw Kimeu anawasalimu. "Ipa!" wanaitikia, wakiwemo Wakamba na Wajaluo waliozoea salamu hiyo ya Kimaasai. Bi Aketch anataka kueleza kazi yake, lakini Bi Kavutha anasimama kabla yake.

"Mimi sikuja kuombewa msamaha," anasema. "Kila mtu atoe simu yake, afungue, asome kwa sauti."

Simu zinatolewa mifukoni, makotini na ndani ya leso. Kisha mmoja anasoma, mwingine anasoma, na wote wanasoma maneno yaleyale. Bw Kimeu, aliyekuwa akiutazama ukurasa kwenye laptopu tu, anavaa miwani na kuufungua kwa simu yake.

"Na sisi kamati tuko wapi?" anauliza.

"Teremka chini, Mwenyekiti. Endelea. Endelea tu," Bi Aketch anamwelekeza.

"Mmetuweka nyuma kama waliochelewa ibada!" anasema, na kicheko kinajaa kanisani. Yeye pia anacheka.

Mikono inainuliwa. Ukurasa utabaki hadi kiangazi kiishe. Zamu zikigongana tena kwa sababu yake, utaondolewa. Jina la Bi Kavutha linafutwa, naye anarudishiwa zamu aliyonyimwa.

Mzee Munguti anainuka polepole. "Jirani, siku ile nilikuwa na hasira ya vitunguu," anamwambia Bi Kavutha. "Neno lile nalirudisha kwangu." Kisha anamgeukia Bi Aketch. "Hii yako naisoma vizuri. Lakini mimi mgongo umeniishia. Anayeshuka mferejini siku hizi ni mke wangu, na yeye hakusoma. Sasa yeye utamwandikia herufi za ukubwa gani?"

Watu wanamgeukia Bi Aketch.

"Sitamwandikia, Mzee," anasema. "Nitamtafutia sauti."

Anapanga kuweka alama moja kubwa ambayo mtu akiigusa, ukurasa utataja mwenye maji na saa zake, kwa Kikamba, kwa Kimaasai na kwa Kiswahili. Anataka ikamilike kabla kiangazi hakijakaza. Leo harudi Kitengela. Amemwomba mke wa Mzee Munguti amwonyeshe shamba kesho baada ya ibada.

"Nitasimama naye mferejini nione anavyoishika simu," asema. "Akishajua zamu yake bila kumuuliza mtu, ndipo nitasema ukurasa huu umekamilika."