Meno Yangu na Chemchemi ya Mama

Harufu ya mkaa uliotwangwa na chumvi bado huniumiza fizi. Nikipita mahali panapochomwa mahindi, ulimi wangu wenyewe hukimbia kuyalinda meno.

Mkaa huo ulikuwa dawa ya mama. Kijijini kwetu, upande wa Gitting chini ya mlima Hanang, tulikuwa na maji ya aina mbili. Karibu na nyumba palikuwa na bwawa, ambamo ng'ombe walikunywa, wakasimama, na kufanya mengine nisiyotaka kuyataja. Ng'ambo ya kilima palikuwa na chemchemi ya maji maangavu, ukiinama unajiona hadi kope. Wengi walichota bwawani. Mama hakukubali. Alfajiri alimfungia punda madumu manne, akapanda kilima, akarudi jua likiwa kali, huku majirani wakimtania kwamba analea mtoto wa mkuu wa wilaya. Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi, na niliringa kweli. Wenzangu waliharisha, mimi tumbo langu lilitulia.

Kisha meno ya ukubwani yakaota na madoa, na madoa yakageuka rangi ya chai ya rangi. Mama alidhani ni uchafu. Kila asubuhi alinishika kidevu akanisugua kwa mkaa na chumvi mpaka damu ikatoka. "Mimi nahangaika na punda, wewe hata mswaki hupigi! Unaniletea aibu!" Nilipiga mswaki mara tatu kwa siku, nikilia. Madoa hayakusogea.

Nikiwa darasa la nne, bwana afya mgeni, kijana kutoka Tanga, aliwaita wazazi shuleni.

"Shikamoo mama. Mnakunywa maji ya wapi?"

"Marahaba. Ya chemchemi," mama akajibu kwa fahari.

"Basi shida ni hayo hayo. Yana madini ya floridi yaliyozidi. Mtoto hana uchafu."

"Hata nikichemsha?"

"Ukichemsha ndiyo yanazidi kukolea."

"Na haya meno yaliyokwisha kuota?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Hayo ndiyo basi, mama."

Tangu siku hiyo mama hakunisugua tena. Nilishukuru, nikidhani amechoka. Maji yale tuliendelea kuyanywa, maana mengine yalikuwa ya bwawani tu. Bibi alisema maji yakimwagika hayazoleki. Yetu, kwa bahati mbaya, hayakumwagika hata tone.

Bomba la maji ya mlimani, yasiyo na floridi ile, lilifika mdogo wangu Neema akiwa mchanga. Siku ya kufunguliwa, wanawake walipiga vigelegele. Mama alikinga kikombe cha kwanza, akanipa mimi. "Kunywa, mwanangu." Alikuwa analia, watu wakasema ni furaha, nami nikaamini. Nilikunywa chote, nikakimbia nyumbani kujitazama kwenye kioo. Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni na Neema mgongoni, ananitazama.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba kikombe kile kilikuwa njia yake ya kuniomba radhi, kwa kosa ambalo halikuwa kosa, ila kupanda kilima kwa ajili yangu. Nimejaribu kumwambia hivyo. Hubadili mazungumzo.

Neema ana meno meupe pe. Mimi, huku mjini ninakofanya kazi, nimeshazoea kucheka mdomo wazi, anayeshangaa ashangae. Ni mbele ya mama tu ninapoziba mdomo kwa kiganja, asiyaone.