Nilijisifu miaka mingi kwa mtoto wa kilo tano na nusu, nikaficha mkono wake

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Wale mnakula, malizeni kwanza. Hii yangu ina damu kidogo.

Mimi ni mama wa Embu, upande wa Kibugu, kule juu karibu na msitu. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mkipata Kiswahili kimepinda, kinyoosheni wenyewe mkisoma.

Kawaida huku mimi husoma tu, siandiki. Lakini juzi nimeona uzi wa wasichana wakijisifu, huyu amezaa kilo nne, huyu nne na nusu, na wakicheka wale wamezaa kwa operesheni. Nikasema hapana. Hapa lazima nifungue mdomo.

Nitasema yote, hata ile inaniaibisha. Mkitaka kunitusi mtanitusi, lakini soma mpaka mwisho kwanza.

Kifungua mimba wangu anaitwa Njeru. Nilimzaa nyumbani, miaka thelathini na nane imepita. Aliyenipokea ni mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema.

Huyo mtoto alikuwa mkubwa mpaka watu walikuja kuangalia kama wanaangalia gari jipya. Alipofika wiki mbili, siku ya kupeleka majani chai, nikambeba pamoja na mzigo wangu mpaka kituo cha kununulia. Wanawake wakasema apimwe. Tukamweka ndani ya kikapu cha majani, karani akakining'iniza kwa ndoano ya mizani, akatoa uzito wa kikapu.

Kilo tano na nusu.

Karani akapiga kelele, vile husifu chai safi kabisa, "Hii ni majani mawili na chipukizi! Hii haina takataka!" Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Mmoja akaniuliza, "Wewe mama, ulizaa mtoto ama ndama?"

Wakuu, tangu hiyo siku nilitembea kama mtu amepewa cheo. Kanisani, kwa chama, kwa matanga, mahali popote wanawake wamekaa wakiongea mambo ya kuzaa, mimi nilikuwa nangoja zamu yangu. "Mimi nilizaa kilo tano na nusu, juu ya ngozi ya mbuzi, bila sindano hata moja." Kila mtu ananyamaza.

Kitu sikusema ni hiki.

Siku hiyo kwa mizani, mtoto nilikuwa nimemfunga kwa shali mpaka shingoni. Kulikuwa na baridi, ndiyo, Kibugu kuna baridi. Lakini sikumfunga kwa sababu ya baridi. Nilimfunga ili watu wasione mkono wa kushoto.

Huo mkono ulikuwa umelala tu. Haukuinuka. Kiganja kilikuwa kinaangalia nyuma.

Siku ya kumzaa, kichwa kilikuwa kimetoka, bega likakataa. Mtoto akaanza kuwa rangi ya zambarau iliyoiva. Mama mkwe akamshika, akamvuta kwa nguvu zake zote, na nikasikia kitu kama kamba imekatika. Halafu mtoto akatoka, akalia. Mimi nilitoka damu mpaka nikaona giza, wiki nzima sikuweza kusimama.

Simlaumu yule mama. Angemwacha hapo, angekufa. Alifanya kile mikono yake ilijua.

Lakini tulikaa chini sisi wawili tukakubaliana tusiseme. Wakati ule mtoto akizaliwa na kasoro, watu hawaulizi ilikuwaje, wanauliza mama yake alifanya nini. Kwa hivyo hatukumpeleka hospitali. Nilimvalisha sweta kubwa. Alipofika miaka miwili na watu wakaanza kuona, nikasema ameanguka kutoka kwa mti wa avokado.

Na yeye mwenyewe nikamwambia hivyo hivyo.

Akikua, akishindwa kufunga kamba ya viatu, nilikuwa namwambia, "Ungesikia nilipokukataza kupanda, huo mkono ungekuwa mzima." Nilisema mara nyingi. Ukisema uongo miaka mingi unafika mahali wewe mwenyewe unauona huo mti.

Sasa tuje karibu.

Njeru aliendelea vizuri. Anauza maharagwe na ndengu huko Meru, soko la Gakoromone. Anabeba gunia kwa bega la kulia, na kamba ya gunia anaivuta kwa meno. Alioa amechelewa, akapata msichana wa Kianjai anaitwa Karimi. Msichana mzuri, mbishi kidogo, lakini watu wa huko Tigania wote wana hiyo.

Karimi akapata mimba, ya kwanza. Tumbo likawa kubwa haraka. Kliniki wakampima, wakasema sukari ya damu iko juu, apunguze vitu vitamu. Mimi nilisikia hiyo nikacheka. Nikamtumia mkungu wa ndizi mbivu kutoka Kibugu, na asali. Hilo pia ni langu, liandikeni.

Mimba ikiwa karibu kuiva, nikaenda Meru kukaa nao. Tukaenda pamoja kliniki ya mwisho. Scan ikasema mtoto ni karibu kilo tano. Daktari, msichana mdogo mwenye miwani, akasema kwa sababu ya ukubwa na ile sukari, yeye anashauri operesheni. Akaeleza kwamba mtoto wa aina hii mabega huwa mapana, anaweza kukwama.

Halafu akauliza, "Kwa familia kuna mtu alizaa mtoto mkubwa namna hii?"

Njeru akanielekeza kidole na tabasamu. "Huyu hapa! Kilo tano na nusu, nyumbani, na mtoto ndiye mimi."

Daktari akaniangalia. "Shosho, alitoka sawa?"

Wakuu, mlango ulikuwa wazi hapo. Niliulizwa na mtu wa kazi hiyo, maneno matatu tu.

Nikasema, "Alitoka sawa."

Karimi akakataa operesheni hapo hapo. "Kama Mami aliweza kwa ngozi ya mbuzi, mimi nishindwe na hospitali yote hii?" Tukarudi nyumbani. Shangazi yake akapiga simu kutoka Kianjai, sauti inajaza nyumba: "Huku kwetu hatupasuliwi kama boga! Sukuma, mtoto wangu!"

Siku zilizofuata Karimi alikuwa ananifuata jikoni. "Mami, ulikuwa umekaa aje? Ulishika nini? Ulisukuma kwa muda gani?" Na mimi namenya ndizi mbichi, najibu. Nilijibu kila kitu isipokuwa kile kimoja. Lakini nilijiambia labda yeye atapita tu. Wengi hupita.

Jumamosi asubuhi uchungu ukaanza. Njeru alikuwa sokoni. Nikachukua gari mimi na Karimi, tukafika hospitali. Yule daktari wa miwani ndiye alikuwa zamu. Akampima, akasema mtoto bado yuko juu na hajashuka, na bado kuna nafasi ya kwenda thieta kupasuliwa bila mbio. Akaleta fomu. Karimi akaisukuma kando.

"Sitaki. Nitasukuma."

Nesi akasema, "Dada, hata kama ni wewe utasukuma, bega likikwama tuna dakika chache sana."

"Nimesema nitasukuma!"

Njeru akafika, vumbi la maharagwe bado liko kwa nywele. Akaenda upande wa mke wake. Akamwambia kwa upole, "Usiogope. Mama alifanya peke yake. Wewe una madaktari."

Hapo ndipo nilishindwa.

Nilimwangalia mtoto wangu, mtu mzima, anamtuliza mke wake kwa uongo wangu. Anasema kwa moyo wote. Na mkono wake wa kushoto umelala pale kando kama kitu si chake.

Nikaenda nikaushika huo mkono. Nikauinua mbele yao wote. Ukafika chini ya bega, ukakataa.

Nikasema, "Karimi, angalia hapa. Huyu hakuanguka kwa mti. Alikwama hapa, kwa bega, akavutwa. Mkono ulikatikia ndani siku aliyozaliwa. Na mimi karibu nife. Hiyo ndiyo kilo tano na nusu."

Nilikuwa bado nimeshika mkono wa Njeru, na nikausikia unatoka kwa mkono wangu polepole. Aliutoa kwa kutumia ule mwingine.

Karimi aliniangalia, akamwangalia bwana yake. Uchungu ukamkamata, akauma meno mpaka ukapita. Halafu akamwambia nesi, "Leta kalamu."

Alipotia sahihi akaniambia, "Mami, ungeniambia jikoni." Basi.

Wakampeleka. Njeru alitoka nje akasimama karibu na mfereji wa maji, ameipa hospitali mgongo. Sikumfuata. Mimi ni mkali, wote wananijua, lakini siku hiyo nilibaki mlangoni.

Kabla ya saa sita mtoto alikuwa ametoka. Kijana. Kilo nne na gramu mia tisa. Wakamdunga kisigino kupima sukari, ikawa chini, wakamweka kitengo cha watoto siku mbili wakimwangalia. Mnaona? Mimi nilidhani mtoto mnene ni mtoto mwenye nguvu. Kumbe huyo ndiye anaangaliwa zaidi.

Nesi alipomfungua kumvalisha, mtoto alishtuka, akatupa mikono yote miwili juu. Yote miwili, wakuu. Nikakaa chini kwa benchi.

Nilimuuliza yule nesi kitu kimoja. Mkono kama wa Njeru, ungeletwa mapema, ungepona? Hakutaka kunijibu. Nikamwambia mimi si wa kubembelezwa. Akasema, "Shosho, wengine hupona wakifanyiwa mazoezi wakiwa wadogo. Si wote." Hiyo "si wote" aliiweka kunisaidia. Mimi nilibaki na ile ya kwanza.

Mtoto akaitwa Nyaga, jina la marehemu mume wangu, vile desturi inataka.

Njeru hakuniongelesha. Salamu, ndiyo. "Mami umeamka?" "Mami kuna chai." Lakini hakukaa chumba kimoja na mimi. Nilipika, nikafua nepi, nikamwosha Karimi kwa maji ya moto. Wiki ya tatu nikafunga mzigo wangu nirudi Kibugu.

Asubuhi ya kuondoka akaja akakaa kwa kiti mbele yangu. Amembeba mtoto kwa mkono wa kulia. Halafu akaniuliza, sauti kama ya mtoto wa shule:

"Mami, kwa hivyo mimi sikupanda mti?"

Nikamwambia, "Hukupanda."

"Hukunikataza?"

"Sikukukataza. Hakukuwa na kitu."

"Kwa hivyo mimi sikukosa."

"Hukukosa, baba. Mimi ndiye nilikosa."

Mnajua, nilikuwa nimedhani amekasirika kwa sababu ya mkono. Si mkono. Mkono alishazoea. Ni kwamba miaka yote hiyo alikuwa anajua ameuharibu mwenyewe kwa kukosa kusikia, na mimi ndiye nilimpa huo mzigo aubebe, mtoto wa miaka miwili, ili mimi nibebe sifa.

Nililia. Sikumbuki lini nililia mbele ya mtoto wangu.

Yeye hakulia. Aliniacha nikamaliza. Halafu akasema, "Huyu Nyaga siku moja ataniuliza mkono wangu ulifanya nini. Mimi sitamjibu. Nitamleta kwako. Wewe ndiye utamwambia, yote, vile umeniambia."

Nikamwambia, "Mimi ni mzee. Mtoto anaanza kuuliza hayo akiwa na miaka minne, mitano."

Akainuka na mtoto wake. "Basi uishi mpaka aulize."

Sijui kama hiyo ni msamaha ama ni kifungo. Nimechukua yote mawili. Nimeanza kumeza dawa ya presha kila siku, ile nilikuwa naruka. Na mimi mwenyewe nilipimwa sukari, ikapatikana. Daktari anasema pengine ilikuwa nami tangu zamani.

Kwa hivyo nyinyi wasichana, sikilizeni. Mtoto mkubwa si kombe. Kliniki wakikwambia sukari, usiulize majirani. Na aliyepasuliwa hajashindwa kitu, amerudi nyumbani na mtoto, basi.

Na nyinyi wa umri wangu: wasichana wetu wanatufuata. Ukimwambia ulizaa aje, mwambie na damu. Mwambie na yule mtoto alizaliwa akakosa kulia. Ukimpa sifa peke yake umempa barabara yenye daraja limekatika, na hukuweka hata tawi la kumwonya.

Nimemaliza. Semeni sasa. Wenye mlizaliwa wakubwa mkabaki na alama, mliambiwa ukweli? Na mlimsameheje mama yenu? Hiyo ndiyo nataka kusoma zaidi. Matusi pia nitasoma.