Ni Mbali Sana

Shangazi yangu alikata tiketi za ndege kwa miaka ishirini na miwili, na hajapanda ndege hata siku moja. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu. Wenzake walimwita Ratiba, kwa sababu mteja akiuliza safari, hakugusa kompyuta.

"Kilomita elfu tisa na mia nne. Saa kumi na moja na dakika arobaini hewani."

"Mama, kwani wewe ndiye rubani?"

"Rubani anajua njia yake. Mimi nazijua zote."

Njia hiyo ya kilomita elfu tisa na mia nne ndiyo aliyoijua kuliko zote, maana mwanawe wa pekee aliishi upande wa pili. Miaka tisa kila akiulizwa lini atakuja, jibu lilikuwa moja: "Mama, huku ni mbali." Mzazi mwingine angejifariji kwa neno hilo. Shangazi aliujua umbali ule kwa dakika.

Mumewe alifariki Jumatatu. Mwana akapiga simu akilia, akasema angepanda ndege ya Jumanne jioni. Shemeji mtu akaja na swali la kaburi.

"Shemeji, tuzike saa ngapi?"

"Kesho kutwa, saa nane mchana. Atatua saa nne kasorobo asubuhi. Weka saa moja ya pasi na mizigo, na moja ya barabarani. Atamzika babake."

Hakuna aliyebisha. Ratiba akisema, imesemwa.

Jumatano saa tatu asubuhi nilikuwa nimekaa naye chumbani, simu yake mkononi mwangu, ujumbe wa mwanawe ulipoingia. Nikamsomea: ndege haijaondoka, bado wako uwanjani, ana huzuni sana. Shangazi akachukua simu, akampigia mwenzake wa ofisini, akaweka sauti wazi.

"Iliondoka kwa wakati, Ratiba. Muda si mrefu inatua." Mwenzake akasita. "Nimeuliza na jina. Hakuwahi kukata tiketi, dada yangu."

"Nilijua. Nilitaka tu kulisikia kwa mtu mwingine."

Akakata simu. Akaitengeneza kanga begani, akaikunjua, akaitengeneza tena.

Saa sita shemeji akachungulia mlangoni, viatu vyake vina udongo wa kaburini.

"Vipi, kijana yuko njiani?"

Shangazi akatazama saa ya ukutani.

"Kuna upepo mkali huko. Ndege zote zimezuiwa. Msimngoje."

Katika miaka ishirini na miwili sikuwahi kusikia kwamba amempa mtu habari ya safari isiyo ya kweli.

"Maskini mtoto," shemeji akasema, akitikisa kichwa. "Si kosa lake. Mbali ni mbali."

"Ndiyo," shangazi akajibu. "Ni mbali sana."