Nafasi Mbili Baada ya Nukta

Nimekosa, tena kwa makusudi. Usinionee huruma, nisikilize tu.

Nilikuwa katika ofisi ndogo ya kupima viwanja hapa Kigali. Kila Ijumaa mchana nilimuaga bosi kwamba nakwenda Masaka kuwaonyesha wateja mipaka, kumbe naishia saluni Kabuga. Siku moja akaniita, akanisogezea barua isiyo na jina. Ijumaa zangu zote zilikuwa humo. Nikakana. Akanipa wiki moja nijieleze kwa maandishi.

Badala ya kujuta, nikaanza kumsaka aliyenichongea. Niliipiga picha barua ile kwa simu, nikaikuza, nikaona kila baada ya nukta pana nafasi mbili. Basi ni Mama Saida! Huyo alikuwa katibu wetu, mtu mzima aliyejifunzia kwenye taipureta. Akimaliza sentensi kidole gumba chake kinagonga mara mbili, ofisi nzima tunasikia.

Tangu hapo sikumwamini hata kwa chai. Akinimiminia, najiuliza ananichunguza nini. Akicheka na mtu kwenye simu, nasema ni mimi huyo anayesemwa. Siku aliyoniuliza, "Dada, Ijumaa unaenda tena Masaka?" sikuhitaji ushahidi mwingine.

Nilitoa kwenye printa barua zake za zamani, nikazungushia wino mwekundu kila penye nafasi mbili, nikampelekea bosi pamoja na maelezo yangu: barua ni ya uongo, na mwandishi ni huyu, ana wivu.

"Rwose, kweli kabisa, mimi sikuandika hii," Mama Saida alisema alipoitwa. "Hizo nafasi iko vile nilifundishwa."

Bosi aliamini wino wangu. Mama Saida akaondoka siku hiyohiyo, na mimi nikalala usingizi mzuri. Hilo nalo naliungama.

Akaja katibu mpya. Wiki ya kwanza alikuwa akipanga mafaili kwenye kompyuta, akacheka. "Hapa wote munaacha nafasi mbili. Nani aliwafundisha?"

Nikasimama nyuma yake. Barua za mhasibu, nafasi mbili. Za wapimaji, nafasi mbili. Maelezo yangu mwenyewe ya kumshtaki Mama Saida, nafasi mbili mwanzo hadi mwisho. Yeye ndiye aliyetufundisha sote kuchapa. Nilikuwa nalijua hilo, ila hasira ilinifumba macho. Aliyeandika angeweza kuwa yeyote niliyekula naye mchana, na hadi leo simjui.

Jumamosi nikamfuata Mama Saida mtaa wa Gitega, hapahapa Kigali, ambako sasa anawachapia watu barua mlangoni pa duka la fundi cherehani.

"Mama, nisamehe," nikamwambia. "Nichapie barua yangu ya kuungama kwa bosi. Sema yaliyoandikwa juu ya Ijumaa zangu yote ni kweli na wewe huna kosa."

Vidole vyake viliondoka kwenye kompyuta. Akatazama nyuma yangu, huku na huku.

"Nani amekutuma, dada? Nikiandika, si utasema tena iko mimi?"

Nikaapa. Nikalia. Akafunika kompyuta kwa kitenge, akaniambia niende.

Niliiandika kwa kalamu, nikaipeleka mwenyewe, na kazi yangu pale ikaisha. Mama Saida aliitwa arudi, akakataa.

Wewe unayemshuku mwenzako kazini, muulize ana kwa ana kabla hujampeleka popote. Mimi sikumuuliza. Sasa nasema kweli tupu, na mtu niliyemdhulumu haamini hata neno langu moja.