Kiondo cha Nyuzi za Blanketi

Wiki jana nilipita Thika, nikakuta kiwanda cha blanketi alichofanyia kazi baba kimegeuzwa stoo ya saruji. Mlinzi akaniambia eti hapo hapajawahi kuwa na kiwanda. Kijana wa juzi ananifunza kwetu! Nilikasirika, lakini rafiki yangu, hasira yangu kubwa ni kwangu mwenyewe.

Miaka ya hamsini ikielekea kuisha, tulikaa chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi, pamoja na shosho, mamake baba. King'ora cha alfajiri kililia shosho akiwa tayari mlangoni, anasokota mkonge kwenye paja. Alitaka mjukuu wa kumwachia mkono wake wa kusuka viondo, na kwa bahati yake mbaya msichana nilikuwa mimi tu. Mkonge ulinichubua. Nilinuna, nikawa najificha chooni.

Baba naye alituletea masalio ya nyuzi za kiwandani, nyekundu na buluu, laini kabisa. Nikamsumbua shosho tusuke na hizo. "Uzi ambao hukusokota haukujui," alisema. Mwishowe nilimchosha, akakubali. Kiondo kilipendeza, majirani wakakisifu.

Mpwa wake wa Gatongora alipojifungua, shosho alitia ndani ya kile kiondo viazi vitamu na kibuyu cha uji, maana kwetu mzazi haendewi mikono mitupu. Akakibeba mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Tuliposhuka basi Ruiru mvua ikatunyeshea njia nzima. Zile nyuzi zikanywa maji, kiondo kikarefuka mpaka kikawa kinampiga nyuma ya magoti. Pale langoni kitako kikaachia. Kibuyu kikapasuka, uji wote chini. Wanawake waliokuja na viondo vya mkonge walicheka wakashikana mabega.

"Na huyu ndiye alitufunza kusuka," mmoja akasema.

Shosho hakunigombeza, na hiyo ndiyo inayoniudhi mpaka leo. Si angenichapa tu? Leo ukoo wetu mzima hauna mtu wa kuanza hata kitako cha kiondo.

Maana baada ya wiki chache alitoa fungu la mkonge aliokuwa ameniwekea, akaniuliza taratibu kama sasa niko tayari kujifunza. Nikamwambia hapana, hiyo ni kazi ya wazee. Akalitazama lile fungu kidogo, kisha akawashia nalo moto wa chai. Chai nikainywa, nikaomba kikombe kingine.