Ukimya wa Nyumba ya Bi Mwanajuma

Nikikwambia naikumbuka siku ile, mwanangu, usidhani ni kumbukumbu ya kukaa nayo barazani ukinywa kahawa. Hii ukiikumbuka unageuka nyuma kutazama mlango. Ilikuwa Jumapili, jua limesimama utosini, Likoni nzima imekula wali na kulala, na mimi nimekaa kwenye jamvi la watu nikisikiliza nyumba isiyosema kitu.

Umeniambia umepata nafasi chuoni, kusomea uandishi wa habari. Ukaniomba nikufundishe namna ya kusimama mbele ya kamera. Hilo mwanangu utafundishwa huko, na poda utapakwa. Mimi nina jambo jingine la kukupa, na ili nikupe inabidi nianzie Magongo, nilikosomea.

Chuo changu kilikuwa orofani, juu ya duka la mabati na misumari. Mchana nilikuwa tarishi wa mawakala wa forodha, nakimbiza karatasi bandarini Kipevu mpaka viatu vikiniomba talaka. Jioni naingia darasani na jasho la bandari nzima. Malori ya makontena yakipita chini, jengo lilitikisika, chaki ikamruka mwalimu, akianza kuandika "habari" linatokea "hatari". Wallahi, Mkristo mimi naapa. Joto la mle ndani ungeweza kuokea mkate. Lakini tulisoma!

Aliyetusomesha redio ni Bi Rukia, mtangazaji mstaafu, mwembamba, miwani juu ya pua, buibui lake halina kunyanzi. Masikio yake sijayaona kwa binadamu mwingine. Sisimizi akipiga chafya ng'ambo ya Kilindini, Bi Rukia humwambia afya.

Alikuwa na sharti moja, na alilirudia hadi tukaliota. "Mkimaliza mahojiano msizime mtambo. Nyamazeni, mrekodi ukimya wa chumba. Kila chumba kina ukimya wake. Mtakapokuja kukata maneno na kuyaunga, ukimya huo ndio uzi wa kushonea."

Tulikuwa na kijana mmoja, Wanyonyi, wa kutoka Bungoma, mwenzangu wa kila kazi. Kiswahili chake kilikuja na basi, na njiani kikaokota Sheng yote ya Nairobi. Akainua mkono. "Madam, si kimya ni kimya tu? Kimya ya kwetu na ya kwenu, tofauti ni gani?"

"Karekodi ya kwenu uniletee," Bi Rukia akamjibu, "nitakwambia mamako yumo ndani au katoka."

Darasa likacheka. Bi Rukia hakucheka. Nakwambia hilo ujue ni mtu wa namna gani.

Basi tukapewa kazi ya kutengeneza kipindi, mimi na Wanyonyi. Redio moja ndogo ya Kisauni ilikuwa ikiwapa wanafunzi nafasi kila mwisho wa muhula, na kipindi kizuri kingetangazwa. Tukamwendea Bi Mwanajuma, mama mmoja anayekaanga mahamri Likoni, nyuma kidogo ya Shelly Beach. Binti yake, Saumu, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Mwanzo alipiga simu kila Ijumaa. Kisha simu ikawa haipatikani. Wakala aliyempeleka akafunga ofisi na kutoweka. Ikapita Ramadhani, ikapita na ya pili.

Kakake Bi Mwanajuma, Mzee Athumani, alikuwa amechoka kungoja. Alitaka binti asomewe hitima kama marehemu, ili familia ipumzike. Jamaa walikwisha kukubali, siku ilikwisha kupangwa, Ijumaa inayofuata. Bi Mwanajuma peke yake ndiye aliyekataa. Hapo ndipo tulipoingia sisi na mtambo wetu, mwanangu, katikati ya mtu anayesema mtoto wangu yu hai na nyumba nzima inayomwambia amekufa.

Alitupokea vizuri. Tulimpa shikamoo, akatupa marahaba na mahamri ya moto. Akatuketisha chumbani kwa Saumu, maana ndiko kulikokuwa na utulivu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka limekunjwa ncha, kana kwamba mwenyewe kaenda kuoga. Kandambili zake ziko chini, zimeelekea mlangoni. Mzee Athumani hakuketi. Alisimama kizingitini na tasbihi yake, akitutazama kama askari wa forodha anayetazama mzigo usiolipiwa.

Bi Mwanajuma akazungumza bila kulia. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi, nina leso mfukoni, mtu halii! Mwisho nikamuuliza, "Mama, Saumu ulikuwa ukimwitaje?"

Akainua kidevu, akaita. "Saumuuu! We Saumu!"

Sijui nikuelezeje. Sauti ile ilitoka chumbani, ikapita ukumbini, ikafika uani kwenye kuku, na kuku wakanyamaza. Nami nilikuwa na nywele wakati huo, zikasimama zote. Nikakumbuka sharti la Bi Rukia, nikanong'ona, "Sasa tunyamaze kidogo, mama, mtambo usikilize chumba."

Tukanyamaza. Mimi nilikuwa nimemkabili Bi Mwanajuma, uso kwa uso. Amefumba mdomo, mikono magotini, macho yako mlangoni. Hakuna aliyesema neno. Nasisitiza hapo, mwanangu, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi. Hakuna aliyesema neno.

Jumatatu jioni tukaketi chuoni, mimi na Wanyonyi, tukavaa hedifoni. Tukapita mahojiano. Tukafika kwenye ukimya. Kwanza panka la darini likizunguka. Kisha tumbo la Wanyonyi likinguruma kwa mahamri, nikamcheka. Kisha, taratibu, karibu sana, kama mtu aliye nyuma ya pazia:

"Abee."

Sauti ya mwanamke. Kama unavyojua adabu ya Pwani, mwanamke akiitwa na mkubwa wake ndivyo anavyoitika.

Wanyonyi alivua hedifoni akazitupa mezani kama zimemuuma. "Buda, mimi nilitoka Bungoma kutafuta masomo. Hii sikuitisha."

Mimi niliogopa, sikufichi. Lakini chini ya woga palikuwa na kitu kibaya zaidi, furaha. Nikaiona redio, nikaiona Pwani nzima imesimama kusikiliza, nikajiona nimeacha utarishi. Nikachukua karatasi nikaandika utangulizi: "Sikilizeni Saumu akimwitikia mamake kutoka kusikojulikana." Nikaona nimeandika neno la kuzuia meli baharini. Nikampelekea Bi Rukia.

Akasikiliza. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akasoma karatasi yangu, akaikunja.

"Huyu anayeitika ni nani?"

"Saumu, mwalimu."

"Sauti yake waijua?"

"La."

"Ushamsikia hata siku moja?"

"La, mwalimu."

"Basi umemtambuaje?"

"Mamake kaita, yeye kaitika."

"Aha." Akavua miwani. "Una mwito, una mwitiko, ukavishona pamoja kwa uzi wa kichwa chako. Hebu niambie, Athumani akiisikia hii redioni, atasema nini?"

Nikaitazama karatasi yangu iliyokunjwa.

"Atasema roho imejibu. Na roho hujibu ikishatoka mwilini. Ijumaa watasoma. Na baada ya hitima, nani atakayemtafuta mtoto yule? Serikali? Wakala? Wewe? Utakuwa umezika mtu, kijana, kwa neno moja usilojua lilikotoka, ili ujulikane Magongo."

Mwanangu, nimetukanwa na madereva wa malori wa nchi saba, matusi ya kuchubua rangi ya gari. Hakuna lililonipata kama lile, na mwenyewe hakupandisha sauti. Nikamuuliza nifanye nini.

"Mwende kwa mwenyewe, asikilize. Usimwambie ni nani. Usimwambie wadhani ni nani. Mpe sauti tu, kisha ufunge mdomo. Neno lako liwe moja, sijui."

Kesho yake tukavuka feri tena. Njia nzima Wanyonyi hakufanya mzaha hata mmoja, nikadhani anaumwa. Tulimkuta Bi Mwanajuma ameketi mlangoni, na Mzee Athumani yuko pembeni na jamaa wawili wakipanga mambo ya mchele na mbuzi wa hitima. Hatukuwa tumempigia simu. Hatukuwa tumemwambia mtu. Kabla sijatoa salamu Bi Mwanajuma akasema:

"Mlirekodi nyumba yangu ikiwa kimya. Ilisema nini?"

Nikasema, "Kuna neno moja, mama. Sijui ni la nani."

"Nipe."

Nikamvalisha hedifoni juu ya ushungi. Akafumba macho. Nikitazama namba za mtambo nikajua imefika panka, nikajua imefika pale. Uso wake haukutikisika. Akaashiria kwa kidole, nirudie. Nikarudia.

Mzee Athumani hakuweza kustahimili. "Ni yeye? Mwanajuma, sema. Ni yeye?"

"Si Saumu," akasema.

"Basi nani?"

"Mimi. Hiyo ni sauti yangu mimi."

Nikajikuta nasema, "Lakini mama, nilikuwa nakutazama. Ulifumba mdomo."

"Nnajua nilifumba." Akavua hedifoni akaniwekea mkononi, taratibu, kama anarudisha kikombe. "Wanangu wakiniita mimi huwaitikia abee, wapate kujifunza adabu. Tangu wadogo. Huyo ni mimi, naitika." Akageuka kutazama ndani ya nyumba, kule ukumbini kusikokuwa na mtu. "Haya, nyinyi mliosoma. Nani aliyeniita?"

Jua lilikuwa kali la kukaanga yai sakafuni, nami nilihisi baridi ya jokofu la nyama. Jamaa mmoja aliaga akaenda zake bila kuvaa viatu, akarudi kuvichukua siku nyingine. Mzee Athumani akaketi kwenye ngazi, tasbihi imening'inia. Kisha akasema, bila kuulizwa:

"Ijumaa hatusomi."

Kipindi tukakitengeneza. Lile neno hatukulitia, Bi Rukia alilikata yeye mwenyewe. Tulitia mama akisimulia, tukatia ule mwito wake, "Saumuuu! We Saumu!", na mwisho nikasema kwa sauti yangu mwenyewe kwamba kama Saumu yu hai au la, hatujui, na anayejua atuambie. Nilidhani kipindi kimeharibika. Mwisho gani huo wa kusema hujui?

Siku kilipotangazwa tulikuwa pale redioni; bado kimya hakijakauka hewani, simu ya redio ikalia. Msichana wa Kisauni, aliyekuwa amerudi kutoka Uarabuni karibuni. Alikuwa analia na kucheka. Alisema mwito ule anaujua, Saumu alikuwa akimwigiza mamake mpaka wakivunjika mbavu, kwa maana walifanya kazi nyumba zinazopakana. Saumu yu hai. Simu walimnyang'anya, nje hatoki. Ila akipanda juu ya paa kuanika nguo, alisema yule msichana, husimama akamwita mamake kwa sauti kubwa, "Mamaa!", kisha hunyamaza, kama mtu anayesikiliza. "Tulikuwa tukimcheka," akasema. "Tukimwambia, we, Likoni yasikia kutoka huku?"

Jina la mtaa akalitoa, na la mwajiri. Mzee Athumani, yule yule wa mbuzi wa hitima, ndiye aliyezunguka ofisi za serikali mpaka makarani wakimwona wanafunga madirisha. Ilichukua muda mrefu, na vikwazo vingi, lakini Saumu alirudi. Alishuka uwanja wa ndege amekonda, upepo ukimpiga tunamshika. Lakini kwa miguu yake.

Sasa najua unafanya nini hapo ulipokaa. Unashona. Nami nilishona, nikamkimbilia Bi Rukia nikipiga kelele, "Mwalimu, kumbe alikuwa anamwita!" Akaniambia, "Umesikia neno chumbani. Umesikia habari ya binti juu ya paa. Hayo mawili unayo. Katikati yake huna kitu. Paache wazi."

Nimepaacha. Miaka yote hii kazini, nimesoma taarifa za mafuriko, za uchaguzi, za mazishi ya wakubwa, na pale katikati sijapajaza. Sauti ile imo katika kisanduku changu cha kazi, na huisikiliza mchana tu, mke wangu akiwa nyumbani. Saumu mwenyewe nilipomuuliza kama kule juu ya paa alipata kuitikiwa, aliniuliza kama nitakula.

Basi hili ndilo nililotaka kukupa, mwanangu. Watakufundisha kuuliza, na uulize sana. Watakufundisha kuandika haraka, na uandike. Lakini siku utakayokuwa na jambo lililopungua kidogo tu kuwa habari kubwa, mkono wako utataka kulijazia, na utajiambia ni kidogo, hakuna atakayejua. Uzuie. Upande wa pili wa redio yupo mtu anayengoja kuambiwa kama mtoto wake yu hai, naye atalichukua neno lako kama lilivyo. Mwambie unachokijua. Usichokijua kiseme kuwa hukijui, bila aibu, na umwachie nafasi mwenye kujua apige simu. Na mwenye jambo lake, kabla ya kuisikilizisha dunia, msikilizishe yeye kwanza.

Haya, chukua mkoba wako. Mwenyezi Mungu akutangulie huko chuoni, akupe walimu wakali wenye huruma na wenzako wa kucheka nao, akulinde na furaha ya kujulikana upesi. Kila utakayemfikishia habari, ya heri au ya msiba, akuombee dua nyuma ya mgongo wako. Amina, mwanangu. Nenda.